Cherehani ya bibi si chuma chakavu

UKISIMAMA asubuhi karibu na stendi ya Bunda, au kando ya soko la Nyasho mjini Musoma, haipiti saa moja kabla hujaona guta limesheheni vyuma chakavu. Juu ya shehena huwa kuna vipande vya mabati na rimu za baiskeli. Chini yake, ukichungulia, utaona vitu vya namna nyingine: kichwa cha cherehani ya Singer, pasi ya mkaa isiyo na mfuniko, tangi la karabai, jiko la Primus lililopoteza pampu, plau iliyobaki mti na gurudumu. Vyote vinapanda mzani mmoja na kulipwa kwa bei moja ya kilo, kisha safari inaanza kuelekea viwanda vya kuyeyusha chuma.

Wanaofanya kazi hiyo ni vijana wanaojitafutia riziki, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Swali ambalo ukurasa huu unataka kuliuliza ni la kibiashara tu: anayeuza anapata faida au anapata hasara asiyoiona?

Nililazimika kulijibu swali hilo nyumbani kabla ya kuliandika gazetini. Shangazi yangu anaishi Nyamuswa, wilayani Bunda. Katika kona ya sebule yake kulikuwa na cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama mkwe wake, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake kumewekwa redio. Siku moja kijana wa skrepa alisimama mlangoni.

“Shikamoo mama. Kile chuma pale ukutani unakiuza?”

“Marahaba mwanangu. Kile si chuma, ni cherehani ya marehemu mama mkwe.”

“Inashona?”

“Haizunguki. Mwaka wa sita sasa.”

“Basi mama, kisichozunguka ni chuma.”

Shangazi hakuuza siku ile. Alinipigia simu kuuliza kama bei aliyotajiwa ni halali. Nilimjibu asubiri, na kwa kujifanya mjuzi nikaibeba cherehani hadi karakana moja mjini. Baada ya wiki mbili nilirudishiwa ikiwa inang’aa kwa rangi nyeusi ya gari. Yale maua ya dhahabu na jina la kampuni vilikuwa vimefunikwa kabisa, na gurudumu bado halikuzunguka. Nilikuwa nimelipia kuharibu.

Kosa hilo ndilo lililonifanya nianze kuwafuatilia watu wanaoifanya kazi hii inavyotakiwa. Wapo Musoma, wapo Bunda, na vijijini Butiama hawakosekani. Wengi ni watu wazima. Baadhi hutengeneza kwa ajili ya wateja, na wachache, hasa wastaafu, hufanya kwa kuwa wanapenda tu: ananunua pasi mbovu mnadani, anaisugua jioni chini ya mwembe, anamgawia mkwewe. Kwa Ulaya na Marekani watu wa aina hiyo wana vyama na maonyesho. Kwetu bado wanaonekana kama wazee wasio na shughuli.

Zilifikaje huku

Ili kujua thamani ya vitu hivi ni vema kukumbuka vilivyofika. Kabla na baada ya Uhuru, fedha iliyozunguka vijijini katika lililokuwa Jimbo la Ziwa ilitokana kwa sehemu kubwa na pamba. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana mwaka 1955 na kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mkulima aliyelipwa vizuri alikuwa na orodha inayofahamika: baiskeli, plau, cherehani, na redio ikiwezekana. Misheni nazo zilikuwa na mchango wake. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na mapadri wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Palipokuwa na misheni palikuwa na taa za pampu na majokofu ya mafuta ya taa, na palikuwa na watu waliojua kuvifungua na kuvifunga.

Hata kabla ya hapo Mara haikuwa ngeni kwa chuma. Katika jamii kadhaa za mkoa huu uhunzi ulikuwa kazi ya koo maalumu zilizojulikana kama Waturi, waliotengeneza majembe, mikuki na visu na kuogopwa kidogo kwa ujuzi wao. Mhunzi wa leo anayekunja springi ya gari ili apate bapa la plau anaendeleza kazi ya zamani kwa malighafi mpya.

Kisha ikaja miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye umri watakumbuka kwamba wakati ule hapakuwa na swali la kutupa. Sindano moja ya cherehani ilinolewa hadi ikawa fupi. Biashara ilipoanza kulegezwa kuanzia mwaka 1984 mitumba ikamiminika, na mafundi wengi wa nguo wakafunga cherehani zao. Hapo ndipo nyingi zilipohamia kwenye kona za sebule na kugeuka meza za redio.

Inavyofufuliwa

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni uchawi.

Cherehani ya zamani “iliyokufa” mara nyingi haijafa. Imeganda. Mama wa nyumbani alipokosa mafuta ya mashine alitia mafuta ya kula au ya nazi. Hayo yakikaa yanageuka gundi, yanachanganyika na vumbi la nyuzi, na baada ya miaka michache kila kiungo kimeshikana. Fundi mwenye haraka atatafuta nyundo, na hapo ndipo kifo cha kweli kinapoingia, kwani chuma cha kumimina hakikunji, kinapasuka. Fundi mwenye subira atadondoshea mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila kiungo, ataacha hadi kesho yake, atajaribu gurudumu kwa mkono, atadondoshea tena. Wakati mwingine kazi hiyo inachukua wiki nzima. Mashine ikianza kulegea anafungua bamba la chini ya mguu na kuondoa nyuzi zilizoshindiliwa katikati ya meno yanayosukuma kitambaa. Mwisho anaosha mafuta ya taa yote na kutia mafuta mepesi ya mashine, tone moja moja.

Rangi haiguswi. Maua yale ya dhahabu ni karatasi nyembamba iliyobandikwa na kupakwa vanishi, na msasa au petroli huyaondoa kwa dakika moja. Husafishwa kwa kitambaa laini na mafuta yale yale ya mashine. Laiti ningeambiwa mapema.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwenye mali anapaswa kujua ana aina gani. Hili ndilo jambo linalotenganisha hobi yenye faida na hobi ya kula hasara. Singer aina ya 15, yenye bobini ya duara inayosimama wima upande wa kushoto chini ya sindano, ndiyo rafiki wa fundi. Viwanda vya China, kikiwamo cha Butterfly cha Shanghai, vilitengeneza cherehani kwa mfano huo huo, na kwa sababu hiyo bobini, boksi lake, sindano na springi zinazouzwa leo dukani kwa ajili ya cherehani mpya ya Kichina zinaweza kuingia kwenye Singer iliyotengenezwa Scotland kabla ya Vita Kuu ya Pili. Lakini zipo Singer za zamani zaidi ambazo bobini yake ni ndefu na nyembamba, na inakaa ndani ya kidude kama mtumbwi kinachobembea. Hizo nazo hushona vizuri sana, ila ukipoteza mtumbwi wake utautafuta hadi uchoke.

Namba iliyogongwa kwenye bamba karibu na gurudumu inasema umri. Nyingi zinazoanza na herufi E ikifuatiwa na herufi nyingine zilitoka katika kiwanda cha Clydebank, Scotland, kuanzia miaka ya 1930, na zenye EK ni za miaka ya 1950. Kiwanda hicho kilifunguliwa katika miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Mwaka 1913 peke yake kilisafirisha cherehani zaidi ya milioni 1. Namba hiyo ishikwe kichwani, tutairudia.

Cherehani ya miguu inahitaji pia mkanda wa ngozi. Hapa mkoa wetu unashangaza. Mara ni mkoa wa ng’ombe, ngozi zinaoza machinjioni, lakini cherehani nyingi zinazotembea Musoma na Bunda zimefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tyubu inavutika, inateleza, na mshonaji anapiga pedali mara mbili kwa kazi ya mara moja. Kijana anayejua kuchuna ngozi iliyoiva vizuri na kuikata uzi wa mviringo wa unene sawa ana soko hapo, na mtaji wake ni kisu tu.

Hesabu ya kilo na hesabu ya kazi

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa kuwa bei hupanda na kushuka. Tuseme mnunuzi anatoa Sh800 kwa kilo. Kichwa cha cherehani cha kilo 13 kitampa mwenye mali Sh10,400. Akiongeza miguu yake ya chuma cha kumimina, na mzigo wote ukafika kilo 35, atapata Sh28,000. Fedha hiyo inatosha sukari na sabuni ya mwezi, na hadithi imeishia hapo.

Upande wa pili, tuseme matengenezo pamoja na mkanda, boksi la bobini, sindano, mafuta na ujira wa fundi yamefika Sh60,000, na cherehani mpya ya miguu dukani ni Sh300,000. Mwenye mali ametoa moja ya tano ya bei ya mpya na amepata chombo ambacho kwa uzito na uimara wa viungo vyake mara nyingi kinaipita mpya. Hata akiamua kuuza kwa nusu ya bei ya dukani, yaani Sh150,000, anabakiwa na Sh90,000 baada ya kumlipa fundi. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya bei ya skrepa.

Msomaji makini atauliza: je, mnunuzi yupo? Yupo, lakini si yule tunayemfikiria. Mitumba haijaua kazi zote za cherehani. Sare za shule hazitoki kwenye mitumba, na tangu ada ya shule za umma ilipofutwa mwaka 2016 watoto wameongezeka madarasani na kila mmoja anahitaji kaptula au sketi. Magauni ya vitenge, sare za kwaya, mashuka ya wagonjwa, mapazia, yote hayo yanashonwa mitaani. Umeme nao haujaiondoa cherehani ya miguu. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024 na nguzo zimefika vijiji vingi. Hata hivyo binti anayeanza kushona barazani kwa bibi yake hataki kuanza na bili.

Kwa hiyo soko la kwanza ni la watumiaji. Soko la pili, la wanaonunua kwa mapambo, lipo katika mahoteli na kambi za watalii. Bunda ni mlango wa magharibi wa Serengeti kupitia geti la Ndabaka, na mwenye hoteli akipata karabai la shaba lililong’arishwa au pasi ya mkaa yenye jogoo kwenye kishikio chake, ataiweka mapokezi. Ila soko hilo ni dogo, na linataka vitu vichache vizuri, si vingi vibovu. Anayeshauriwa akope fedha kukusanya pasi 200 kwa ajili ya watalii anadanganywa.

Plau ndiyo yenye maana kubwa kwa mkulima

Nimekaa sana kwenye cherehani kwa sababu ya shangazi. Kwa uchumi wa kilimo cha Mara, chombo kinachouma zaidi kikienda kwenye mzani ni plau.

Kilimo cha kukokotwa na ng’ombe kimeenea katika mkoa huu tangu enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere alihimiza mara nyingi kwamba mkulima atoke kwenye jembe la mkono aende kwenye plau kabla ya kuota trekta. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilijenga viwanda vya zana. Ubungo Farm Implements, maarufu kama UFI, kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na baadaye Zana za Kilimo Mbeya, yaani ZZK, kikafuata. Viwanda hivyo viliyumba wakati wa mageuzi ya uchumi na ubinafsishaji. Tangu hapo mkulima ananunua plau kutoka nje, na si zote zina chuma kinachostahimili udongo wa mfinyanzi wa mbuga za Bunda.

Plau haichakai yote kwa pamoja. Kinachokwisha kwanza ni bapa la chini linalokata udongo, ambalo limewekwa makusudi liishe na libadilishwe. La pili ni bapa la ubavu linaloegemea ukuta wa mfereji. Hili watu wengi hawalijali. Likiisha, plau inakimbilia upande, mkulima anaikaza kwa nguvu za mikono siku nzima, ng’ombe wanachoka kabla ya saa nne, na lawama anatupiwa ng’ombe. Mti, mikono, gurudumu na lile bapa kubwa la kugeuza udongo vinaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Anayeuza plau nzima ya kilo 40 kwa sababu bapa moja limekwisha anafanana na mtu anayeuza baiskeli kwa sababu ya pancha.

Mhunzi hodari hukata bapa jipya kwenye springi ya lori, akaipasha moto, akaikunja kwa kufuata lile la zamani, akatoboa matundu, kisha akaizamisha majini au kwenye oili ili makali yake yawe magumu. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye siri. Ikizidi, bapa linavunjika kwenye jiwe la kwanza. Ikipungua, linaliwa na udongo kwa msimu mmoja. Msingi wa kupasha na kupoza chuma unafundishika, na Musoma kuna VETA na SIDO, Bunda kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa. Kinachohitajika ni wahunzi wenyewe kuitwa darasani kama walimu, kwani joto la chuma wanalisoma kwa rangi yake, jambo ambalo kitabu hulieleza kwa taabu. Butiama nako kumeanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu. Sioni mahali panapofaa zaidi pa kukusanya plau za kila aina zilizopita katika mashamba ya Kanda ya Ziwa, zikapimwa, zikachorwa na kutengenezewa vipuri.

Waingereza walivyotuona

Hapa kuna kichekesho kidogo kinachouma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchini Uingereza lilianzishwa shirika la kujitolea lililoitwa Tools for Self Reliance. Kazi yake ilikuwa kukusanya zana kuukuu zilizolala katika mabanda ya Waingereza, zikiwamo misumeno, randa, patasi, vifaa vya uhunzi na cherehani. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, walizisafisha na kuzinoa jioni na mwisho wa wiki, wakazipanga katika masanduku kufuatana na fani, kisha zikasafirishwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika, na SIDO, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa mshirika wake.

Jambo lenyewe lilikuwa jema na mafundi wengi walipata kuanza maisha. Lakini tuangalie njia ya chuma. Cherehani ilitengenezwa Scotland, mzee mmoja wa Uingereza akaifufua kama burudani yake, ikavuka bahari kuja kumpa kazi mshonaji wa Tanzania. Dada yake wa kiwanda kile kile, aliyefika Nyamuswa kwa fedha ya pamba, anapakiwa kwenye guta. Wahenga walikwisha kutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Tahadhari ya zebaki

Ukianza kuulizia Singer za zamani utakutana na mtu atakayekunong’oneza. Aprili 2009 nchini Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina “zebaki nyekundu” ndani ya sindano zake, kitu kinachodaiwa kutafuta hazina na kufanya maajabu mengine. Bei ziliruka hadi mamia ya maelfu ya riali. Watu walipeleka simu za mkononi karibu na mashine kupima kama laini itakatika, ikidaiwa kuwa ndiyo dalili. Polisi waliingilia kati na ikabainika kuwa ni utapeli mtupu.

Sisi tunaoijua biashara ya rupia na mali za Mjerumani hatuna haki ya kuwacheka. Tapeli wa namna hiyo huja na bei kubwa mno, huomba gharama ndogo ya “kupima”, na harudi. Ndiyo maana niliomba ile namba ya milioni 1 kwa mwaka ishikwe kichwani. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi kiasi kile si adimu, na hakiwezi kuwa na bei ya almasi. Thamani yake ni kushona. Zebaki ya kweli mkoani Mara inajulikana ilipo: kwenye machimbo madogo ya dhahabu kama ya Buhemba, na huko ni sumu.

Makumbusho na sheria

Kijijini Butiama, eneo la Mwitongo, yapo Makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere yaliyofunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla ya kifo chake. Yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Humo vimehifadhiwa vitu vyake binafsi pamoja na zawadi alizopewa, na mgeni anayetoka humo huwa anazungumzia zaidi jinsi vitu vya rais vilivyokuwa vya kawaida. Vitu vya kawaida vya majirani zake wa rika lile, yaani plau, pasi, karabai na cherehani zilizoendesha kaya za Wazanaki, Waikizu na Wajita, havina kwa kwenda.

Sheria nayo haivisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitungwa kulinda zaidi magofu, michoro ya miambani na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Cherehani ya Clydebank ya mwaka 1955 iko mbali na uzio huo. Sishauri uzio uongezwe, kwani kumkataza mjane kuuza mali yake mwenyewe ni uonevu. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuhifadhi afanye kama mnunuzi wa skrepa afanyavyo: aende mlangoni na fedha mkononi, atoe bei nzuri kidogo kuliko ya mzani.

Kwenye ziwa mambo yamekwenda kasi zaidi. Miaka iliyopita, usiku usio na mbalamwezi, ukisimama Mwigobero au Makoko uliona mji mwingine ukielea majini, karabai kwa mamia zikivuta dagaa. Sasa taa za betri na sola zimechukua nafasi, na wavuvi wana haki, mafuta ya taa ni ghali na betri haikuunguzi. Mafundi wa karabai waliokuwa wakizibua pua na kubadilisha ngozi za pampu wamebaki na wateja wa harusi na misiba. Anayefufua karabai kwa hobi akumbuke kwamba soksi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya thoriamu, yenye mionzi hafifu. Asivute vumbi lake wala asiwape watoto mabaki wachezee.

Cherehani ya shangazi ilizunguka siku ya tisa. Fundi aliyeifufua, mzee wa Bunda ambaye kazi yake rasmi ni saa, alinitoza chini ya nilivyotozwa kwa ile rangi ya gari. Alisema maua ya dhahabu hayarudi na tusimsumbue kuhusu hilo. Ilikuwa imebaki boksi la bobini, kwa kuwa la zamani springi yake ilikuwa imekatika na la dukani lililopatikana lilikuwa linagonga.

Wiki mbili baadaye yule kijana wa guta alipita tena Nyamuswa. Alisimama akasikiliza mlio wa pedali kutoka sebuleni, akabisha hodi.

“Mama, kumbe ilizunguka.”

“Nilikwambia si chuma.”

Alirudi kwenye guta lake, akapekua, akaja na kichwa cha Singer kilichopasuka mkono. Boksi la bobini lilikuwa bado ndani. Shangazi alilijaribu, likakaa bila kugonga. Kijana alitaka Sh5,000, wakapatana Sh3,000, na shangazi akamwambia akipata mengine asiyapeleke kwenye mzani kabla ya kupita kwake.